Uchambuzi wa kisa: Fritz Pollard, mlango uliofunguliwa kwa mdomo na kufungwa kwa mdomo

Hiki kisa huwa nakitumia sana nikikaa na viongozi wa timu za mtaani, kwasababu kila siku nakutana na kijana ambaye ameambiwa "we cheza tu, uwezo utajieleza" na anaamini hivyo kwa moyo wote, na mimi siwezi kumwambia uwezo hauna maana maana una maana kubwa sana. Ila kuna sehemu uwezo unaishia. Na sijawahi kuona mtu ambaye maisha yake yanaionyesha hiyo sehemu vizuri kama Fritz Pollard wa Marekani.

Mchezo wenyewe ni ule mpira wa Kimarekani, wa kubeba mkononi na kubwagana chini, sio soka letu. Kama huujui usijali, tutakachoangalia hapa ni ajira, mikataba na nani ana nguvu ya kumfungia nani mlango. Jina la mchezaji nimelitaja kama lilivyo kwasababu hii ni historia ya wazi na alishafariki zamani, ila watu wadogo wadogo waliopita kwenye kisa kama karani wa hoteli na wachezaji wenzake waliomsumbua sijawataja, majina yao hayatuongezei kitu.

USULI

Jina kamili ni Frederick Douglass Pollard, alizaliwa tarehe 27 Januari 1894 Rogers Park, kaskazini mwa Chicago. Wazazi walimpa jina la Frederick Douglass, yule mtu aliyetoroka utumwa akaja kuwa sauti kubwa ya kuupinga. Baba kinyozi, mama mshonaji, watoto nane na yeye ni wa saba. Familia nyeusi kwenye mtaa wa wazungu, majirani wengi wahamiaji wenye asili ya Kijerumani, na ndo hao waliompachika hilo jina la Fritz ambalo lilimganda mpaka kifo.

Alikuwa mdogo wa umbo. Kilo kama 75 hivi, kwenye mchezo ambao watu wanakurukia kwa makusudi. Alichokuwa nacho ni miguu, yaani kasi na kugeuka ghafla, mtu anadhani amemshika kumbe ameshika hewa.

Mwaka 1915 akaingia chuo cha Brown, mji wa Providence, akasoma kemia. Hela ilikuwa shida kwahiyo alikuwa anawapigia wanafunzi wenzake pasi za suti chumbani kwake kwa malipo. Naomba hii uishike, mtu ambaye Jumamosi anashangiliwa na maelfu, Jumatatu anawanyooshea hao hao suruali zao.

KILICHOTOKEA, KWA MFUATANO

Mwanzo wa Brown ulikuwa mgumu. Timu haikumtaka, hata kupewa vifaa ilikuwa shughuli, na wenzake walikuwa hawataki kuoga naye. Yeye hakugombana, aliingia uwanjani akacheza, na baada ya wiki chache wale wale ndo wakawa wanamsubiri awape ushindi. Msimu ukaisha timu imealikwa kwenye Rose Bowl, gemu kubwa ya vyuo ya mwaka mpya kule Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1916, na Pollard akawa mchezaji wa kwanza mweusi kucheza gemu hiyo. Hotelini wakaleta maneno kuhusu kumpa chumba, timu ikasema kama yeye halali hapa na sisi hatulali hapa, chumba kikapatikana. Gemu yenyewe walipigwa 14 kwa 0 na Washington State kwenye mvua na matope, na kwenye matope mtu wa kugeuka ghafla hana chake.

Msimu uliofuata ndo ulikuwa wake. Vuli ya 1916 Brown iliwafunga Yale na Harvard Jumamosi mbili mfululizo, kitu ambacho chuo hicho kilikuwa hakijawahi kukifanya msimu mmoja, na kwa watu wa kule, vyuo vya Yale na Harvard ndo walikuwa wakubwa wa huo mchezo. Walter Camp, mzee ambaye neno lake kwenye mpira lilikuwa kama sheria, akamweka kwenye kikosi chake bora cha taifa. Ni mweusi wa kwanza kuwekwa humo kwenye safu ya nyuma, yaani wale wanaobeba mpira.

Kuna kitu kimoja cha uwanjani lazima nikielezee kwasababu kinasema mengi. Pollard alikuwa akiangushwa wapinzani walikuwa hawaishii hapo, wanamrukia akiwa ameshalala, goti kwenye mbavu, kiatu kwenye mkono, refa ameangalia pembeni. Sasa yeye alijifunza akianguka tu anajiviringisha haraka mgongo unakuwa chini, anainua miguu juu na kuizungusha kama anaendesha baiskeli, meno ya njumu yanaangalia juu. Anayetaka kumrukia aruke, atakutana na njumu. Hakumpiga mtu, hakutukana, alitafuta tu njia ya kumfanya adui afikirie mara mbili. Nitairudia hii mbele kwenye uchambuzi.

Masomo yakayumba, akatoka Brown, vita ya kwanza ikapita akiwa anafanya kazi na vijana kwenye kambi ya jeshi, kuanzia 1918 akawa kocha wa chuo cha watu weusi cha Lincoln kule Pennsylvania. Mwaka 1919 akaitwa Akron, Ohio, kucheza kwa hela.

Akron ilikuwa mji wa viwanda vya matairi, Goodyear na Firestone, na viwanda hivyo vilikuwa vimevuta wafanyakazi wengi wazungu kutoka majimbo ya Kusini, kwahiyo unaweza kupata picha jukwaani kulikuwaje. Pollard mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba hakuwa anavaa na timu. Alikuwa anavalia kwenye kiwanda cha sigara cha mmoja wa wenye timu, peke yake, katikati ya harufu ya tumbaku, alafu gari linamchukua mpaka uwanjani gemu ikikaribia kuanza. Gemu ikiisha anarudishwa kwenye gari. Huyu ndo staa wa timu jamani.

Tarehe 17 Septemba 1920 wenye timu walikutana Canton, hapo hapo Ohio, kwenye duka la magari la mmoja wao, wakaanzisha ligi ambayo mwaka 1922 ilibadilishwa jina ikaitwa NFL, hii hii mnayoiona leo na mahela yake. Akron walimaliza msimu huo wa kwanza hawajafungwa, ushindi 8 na sare 3, na msimu mzima waliruhusu pointi 7 tu. Gemu ya mwisho ilikuwa Chicago tarehe 12 Desemba, 0 kwa 0 na Decatur Staleys ya George Halas, timu ambayo baadaye ikawa Chicago Bears. Aprili 1921 wenye timu wakakaa wakaipa Akron ubingwa. Kwahiyo bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ile alikuwa na mweusi ndani yake na ndo alikuwa injini.

Mwaka 1921 akawa kocha mwenza wa Akron huku anacheza. Kocha wa kwanza mweusi kwenye ligi hiyo. Na enzi hizo sheria ilikuwa inakataza kuelekeza timu kutoka pembeni, kwahiyo kocha mwenye maana ni yule aliyeko ndani ya uwanja anaita mbinu huku na yeye anabwagwa. Mwaka huo huo akamleta Paul Robeson, aliyekuwa anasoma sheria New York, akawa anacheza wikiendi kupata hela. Ndiyo, Robeson yule yule mwimbaji, ambaye miaka ya 1930 alienda kusoma Kiswahili chuoni London. Mimi nikikumbuka hilo najisikia huyu Pollard ni wa kwetu kabisa.

Baada ya hapo alihama hama: Milwaukee 1922, Hammond kule Indiana ambako 1923 alicheza nafasi ya yule anayeendesha mashambulizi yote, mweusi wa kwanza kwenye ligi kufanya hivyo, akapita pia kwenye ligi ya miji ya makaa ya mawe Pennsylvania, Providence 1925, akarudi Akron 1926. Katikati ya msimu huo wakamwacha. Alikuwa na miaka 32, na NFL hakurudi tena.

MAAMUZI ALIYOFANYA NA KWANINI

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokujibu matusi uwanjani. Watu wengine wa leo wanaweza kusema alijishusha, mimi nasema hapana, alikuwa amepiga hesabu. Mweusi akirusha ngumi mwaka 1920 ndani ya Akron, kesi haimalizikii kwa refa. Akipata mguso, yaani akiufikisha mpira mwisho wa uwanja na kupata pointi, mbele ya jukwaa lililokuwa linamzomea, amejibu na hakuna wa kumfukuza.

Wa pili ulikuwa kujifanya mtu wa lazima. Alipofika Akron aliona mbinu za timu ni za kizamani, akataka watumie za Brown, na kwa maelezo yake mwenyewe mwenye timu akawaambia wachezaji asiyetaka aondoke. Ona hapo nguvu yake ilitoka wapi. Ilitoka kwa bosi mmoja aliyekuwa anajaza uwanja kwa ajili yake.

Wa tatu ni kuhama hama. Wengine wanauita tamaa, mimi naona alikuwa hana jinsi. Timu za miji midogo zilikuwa zinaishi kwa tiketi za mlangoni, jina lake lilikuwa linauza, na yeye alikuwa anajua jina likipoa hakuna atakayempigia simu, kwahiyo alichukua hela palipokuwa na hela. Gharama yake ni kwamba hakukaa popote muda wa kutosha kujenga mizizi.

Wa nne ndo naupenda kuliko yote, alivuta wenzake. Alimleta Robeson Akron, na wakaenda wote Milwaukee, na hata baada ya kufungiwa mlango hakukaa nyumbani kununa. Kuanzia 1928 aliendesha timu ya weusi Chicago iliyoitwa Black Hawks, ikicheza na timu za wazungu waliokubali ili watazamaji waone kwa macho yao kwamba watu wanaweza kucheza pamoja na dunia isipasuke. Katikati ya miaka ya 1930 akawa kocha wa Brown Bombers, timu nyingine ya weusi, pale Harlem, mtaa wa weusi New York. Timu za NFL hazikukubali kukutana nao.

MATOKEO

Hapa panahitaji utulivu kidogo.

Msimu wa 1926 ligi ilikuwa na timu 22. Msimu wa 1927 zilibaki 12. Zilizokatika ni timu za miji midogo zisizo na hela, na ukiangalia majina unaona Akron imo, Hammond imo, Milwaukee imo. Yaani zile zile zilizokuwa zinaajiri weusi ndo zilizokufa, kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyesimama akasema tunawafukuza watu weusi. Aliyebaki mwaka 1927 ni mmoja tu, Duke Slater wa Chicago Cardinals, beki la miraba minne ambalo hakuna bosi angeliacha kirahisi.

Alafu ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, mwaka 1932 ligi ikabaki na timu 8. Mwaka 1933 kulikuwa na weusi wawili, Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Msimu wa 1934 ukaanza hakuna hata mmoja. Na haikuwa na mmoja kwa miaka 12, mpaka 1946.

Sasa uliza karatasi iko wapi. Hamna. Hamna sheria, hamna azimio, hamna muhtasari wa kikao. Wenye timu waliohojiwa baadaye walikuwa wanasema hakukuwa na makubaliano yoyote, labda weusi wenye uwezo hawakuwepo. Pollard mpaka uzeeni alikuwa anamtaja Halas, yule wa Bears, kama mmoja wa waliowafungia, Halas akakana mpaka mwisho. Mimi siwezi kukaa kwenye kiti cha hakimu hapo, ila miaka 12 bila hata mtu mmoja, ligi nzima, haitokei kwa bahati mbaya.

Pollard mwenyewe hakufa njaa. Alifungua kampuni ya uwekezaji Chicago ikafilisika na mdororo, akaendesha gazeti New York, studio ya wasanii Harlem, ushauri wa kodi. Mwanae, naye Fritz, akaleta shaba ya mbio za kuruka viunzi mita 110 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936. Mzee alifariki tarehe 11 Mei 1986 akiwa na miaka 92. Kocha mkuu mweusi aliyefuata kwenye NFL, Art Shell wa Raiders, alipatikana 1989.

UCHAMBUZI: KILICHOFANYA KAZI NA KILICHOFELI

Kilichofanya kazi ni ile mbinu ya njumu juu. Simaanishi ya uwanjani peke yake. Pollard popote alipokuwa na kitu cha kumfanya mpinzani afikirie mara mbili, alipita. Hotelini Pasadena alipita kwasababu timu nzima ilikuwa tayari kuondoka, na karani akaona hasara. Akron alipita kwasababu bosi alikuwa anaona tiketi. Huruma ya mtu haikuhusika sehemu zote mbili.

Kilichofeli ni kwamba kila mara kinga hiyo ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa imeshikwa na mtu mmoja. Bosi wa Akron akifilisika, kinga imeondoka naye. Nafasi ya Pollard haikuandikwa popote kama haki ya mchezaji mweusi kuajiriwa, iliandikwa kama mkataba wa Pollard. Alipozeeka miguu, nafasi ikazeeka nayo. Nikiwaambia hivi viongozi wa timu huwa wananiuliza, sasa yeye angefanya nini mwaka 1921? Na kweli, chama cha wachezaji kilikuwa bado, sheria ya ajira ya kumlinda ilikuwa bado, simlaumu hata kidogo, ila tukikichambua kisa lazima tuseme tundu lilikuwa wapi.

Ukitaka uhakika angalia mlango ulivyofunguliwa tena. Mwanzoni mwa 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles kutoka Cleveland na ikataka kutumia uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ni wa umma. Waandishi wa habari weusi, mmoja wao Halley Harding, wakaenda kwenye kikao cha wasimamizi wa uwanja wakauliza swali moja, inakuwaje uwanja uliojengwa kwa kodi zetu wote ukapewa timu isiyoajiri weusi? Swali hilo wenye timu hawakuwa na jibu. Tarehe 21 Machi 1946 Rams wakamsaini Kenny Washington, na baadaye Woody Strode. Washington alikuwa staa wa UCLA mwaka 1939, akasubiri miaka yote ile, wanakuja kumsaini ana miaka 27 na magoti yameshachoka. Mtu akiniambia "mambo yalijipa yenyewe" huwa namkumbusha hayo magoti.

Timu ya mwisho kukubali ilikuwa ya mji mkuu, Washington, mpaka 1962, na yenyewe iliguswa hapo hapo, maana uwanja wake mpya ulikuwa kwenye ardhi ya serikali kuu na waziri wa mambo ya ndani wa Rais Kennedy, ambaye kule ndo anasimamia ardhi za serikali, akawaambia huwezi kukaa kwenye ardhi ya serikali ukabagua ajira. Mara mbili, kitasa kilikuwa kwenye uwanja. Kipindi cha Pollard timu zilikuwa zinacheza mpaka kwenye viwanja vya watu binafsi vya besiboli, kwahiyo hata hicho kitasa hakikuwepo cha kushika.

Kuna kosa lingine dogo ambalo limemgharimu sana, ni la kumbukumbu. Ukocha wake wa Akron ulikuwa wa kushirikiana na mwingine, na mambo mengi ya ligi miaka ile yalikuwa ya mdomo, nani kocha nani nahodha, watu wanaelewana tu. Chuo kilimkumbuka mapema, mwaka 1954 aliingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa vyuo. Jumba la ligi ya kulipwa lilifunguliwa Canton mwaka 1963, kwenye mji ule ule wa duka la magari, yeye yuko hai ana miaka 69 na hakuitwa. Alisubiri miaka 23 mingine akiwa anasimulia mwenyewe kwa kila aliyemuuliza, akafariki. Wanahistoria na familia yake wakaendelea kusukuma, mwaka 2003 watu wanaopigania nafasi za makocha weusi kwenye ligi wakaunda chama chao wakakiita kwa jina lake, na mwaka 2005 ndo wakamwingiza Canton, miaka 19 tayari yuko kaburini.